Shikamoo na Swali Katika Ujumbe Mmoja

Mwenyekiti, walimu wangu, maafisa ugani mliotoka kata za mbali, wanachuo na ndugu wananchi: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Nimeshasalimu. Sasa naingia kwenye hoja bila kusubiri kila mmoja aitikie, na hilo hasa ndilo ninaloomba mlifanye kwenye simu zenu.

Mtu anayeomba msaada kwa kuchati, iwe kwenye kundi la WhatsApp la wakulima, kwa mhudumu wa kampuni ya simu au kwa fundi wa kompyuta aliye mji mwingine, anamwomba mtu asiyemwona. Huyo anayejibu hana shamba lako mbele yake, hana kuku wako mkononi, hasikii sauti ya injini yako. Ana sentensi ulizomwandikia na picha ulizomtumia, basi. Zikiwa pungufu, jibu litakuwa pungufu hata kama aliyeko upande wa pili ni profesa. Wengi wetu tunalaumu majibu. Mimi nimekuja kulaumu maswali, na nitatumia zaidi mifano ya shambani kwa sababu ndiko ninakokujua na ndiko swali baya linakogharimu magunia.

Tuanze na mazungumzo ambayo kila aliye na simu humu ameyaona. Nimeyaunganisha kutoka mengi ya aina yake, kwa hiyo asiwepo wa kujishuku.

Saa 1:40 jioni mtu anaandika kwenye kundi: "Habari za jioni wakuu." Wanne wanaitikia, njema, njema, salama, na mmoja anaweka kidole gumba. Baada ya robo saa anarudi: "Samahani, nina swali." Anajibiwa: "Uliza tu mkuu." Kimya. Pengine bando limekata, pengine ameitwa kula. Saa 3:10 usiku ndipo linapokuja: "Mahindi yangu yanaumwa, nitumie dawa gani?" Afisa ugani aliyekuwa hewani tangu saa 1 ameshalala. Waliobaki macho wanajibu. Mmoja anataja dawa aliyotumia mwaka juzi kwenye nyanya. Mwenye duka la pembejeo anataja ile aliyonayo dukani. Wa tatu anatuma tangazo la vifaranga. Asubuhi afisa anaamka na kuuliza: yana umri gani, uko wilaya gani, yanaumwaje? Jibu linamfikia keshokutwa yake. Siku zote hizo wadudu, kama ni wadudu, wanakula.

Hapa kuna makosa mawili yaliyoshikana. La kwanza ni la adabu iliyokosa mahali pake, la pili ni la kuuliza dawa kabla ya kueleza ugonjwa.

Watu wa kompyuta walikutana na lile la kwanza mapema. Agosti 1988 Jarkko Oikarinen, wa Chuo Kikuu cha Oulu huko Finland, alitengeneza mfumo wa kuchati uitwao IRC. Watu wengi waliweza kuingia katika chaneli moja na kuandikiana papo kwa papo, na baada ya muda programu nyingi za kompyuta zikawa na chaneli zake ambamo mafundi wa kujitolea walisaidia wageni. Wageni wakawa wanaingia na kuuliza kama kuna anayejua jambo fulani, au kama wanaruhusiwa kuuliza, kisha wanasubiri. Ikazaliwa kanuni ambayo mafundi hao huirudia mpaka leo: usiombe ruhusa ya kuuliza, uliza. Mwaka 2001 Eric Raymond, Mmarekani, akatoa mwongozo mrefu wa kuuliza maswali kwa busara. Ndani yake mna mengi ya kweli. Lakini mara nyingi hutumwa kwa mgeni kama kofi, bila neno lingine, na mgeni anaondoka akiwa amejifunza jambo moja tu: asirudi.

Mimi kanuni yao naichukua nusu. Kwetu mtu anayeingia na shida yake bila salamu haitwi mchapakazi. Anaitwa hana adabu, na ushauri atakaopewa utakuwa wa kumwondoa tu. Tena salamu zetu za ana kwa ana hazikuwa kupoteza muda. Mgonjwa anapoingia kwa mganga na kusema shikamoo, mganga ameshaisikia sauti inavyokwaruza, ameshauona mguu unaoburutwa, ameshaona jasho la mtu asiye na sababu ya kutoka jasho. Ikifika "habari za nyumbani" nusu ya kazi imekwisha. Salamu ilikuwa dirisha.

Kwenye chati dirisha hilo halipo. Neno "mambo" likiingia peke yake halibebi sauti wala uso. Linamfanya mtu aache jembe, atoe simu mfukoni, aitikie "poa", na asijue ameitiwa nini. Basi salamu ibaki, ila isitumwe peke yake. Shikamoo na swali viende katika ujumbe mmoja. Mzee ataitikia marahaba na kukujibu kwa mpigo, hata kama ameiona simu yake saa sita baadaye na wewe wakati huo uko njiani bila mtandao. Hakuna heshima iliyopungua. Sana sana umeheshimu muda wake.

Kosa la pili ndilo zito. "Nitumie dawa gani?" ni swali lililojijibu tayari. Muulizaji ameshaamua kwamba kuna ugonjwa, kwamba ugonjwa huo una dawa, na kwamba dawa iko dukani. Kilichobaki ni jina na bei. Mafundi wa programu huliita tatizo la X na Y: mtu ana shida X, anadhani suluhisho ni Y, anakwama kwenye Y, anauliza habari za Y, na X haitajwi hata mara moja. Wanaomsaidia wanahangaika na Y mpaka usiku wa manane.

Tuyatazame mahindi yanayobadilika rangi. Yakiwa na njaa ya naitrojeni, umanjano huanza kwenye majani ya chini, yale ya zamani. Huanzia kwenye ncha na kuingia katikati ya jani kwa umbo la V. Hapo kununua dawa ni kutupa fedha, maana kinachotakiwa ni mbolea ya kukuzia kama urea au CAN, na unyevu wa kutosha ardhini. Yakikosa potasiamu, zinazoungua ni kingo za majani hayohayo ya chini. Yakikosa fosforasi, hasa yakiwa machanga, majani hupata rangi ya zambarau. Kiwavijeshi vamizi naye huacha ushahidi mwingine kabisa: majani machanga yana matundu yaliyochanika kingo, na katikati ya mmea, pale majani mapya yanapochipukia, kunajaa kinyesi kilichofanana na unga wa mbao. Halafu kuna ugonjwa unaotajwa kwa herufi MLN, uliotambuliwa Bomet, Kenya, mwaka 2011 na Tanzania mwaka uliofuata. Huo huletwa na virusi viwili vinavyoshirikiana. Michirizi ya njano huonekana kwenye majani machanga ya juu, majani hukauka kutoka kingoni kuingia ndani, na mmea unaweza kufia katikati kabla ya kubeba. Hakuna cha kupulizia kinachouponya. Mmea hung'olewa na kuteketezwa, na msimu unaofuata shamba hupandwa zao lisilo la nafaka, maharage kwa mfano.

Sasa mtu akiandika "mahindi yangu yanakuwa njano", afisa ugani hajaambiwa kitu. Akiongeza maneno matatu tu, "majani ya chini" au "majani ya juu", ameondoa nusu ya uwezekano. Maneno hayo hayahitaji elimu ya chuo. Yanahitaji mtu ainame shambani kabla ya kushika simu.

Habari ya kiwavi inatufundisha pia kwamba jina peke yake halitoshi. Kiwavijeshi vamizi asili yake ni bara la Amerika. Aliripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na kufikia 2017 alikuwa ameshaingia Kenya na Tanzania. Kabla yake tulikuwa na kiwavijeshi wetu wa siku zote, yule anayetokea kwa makundi, akala mbuga na mashamba na kuhama. Majina yanagongana lakini wadudu ni wawili. Mkulima akiandika "viwavijeshi" bila zaidi, anayejibu hajui ni yupi. Picha inaweza kumaliza ubishi, ikiwa ni picha ya kitu kinachotakiwa: vamizi ana alama nyepesi ya Y iliyopinduliwa kichwani, na kwenye pingili ya pili kutoka mkiani ana vidoa vinne vilivyojipanga mraba. Kwa hiyo mchukue mdudu, mweke kwenye karatasi nyeupe, piga kichwa na mkia kwa karibu, mchana penye mwanga, kisha piga na mmea mmoja mzima. Picha tunazotumiwa sisi ni za shamba lote wakati wa machweo, na mwenye shamba amesimama katikati akitabasamu. Ni picha nzuri kwa wajukuu.

Niwasomee swali ambalo ningependa kuliona kwenye simu yangu jioni moja. "Shikamooni wakubwa, na habari za jioni kwa wote. Niko Kilosa. Nina mahindi ekari moja na nusu, yana wiki tano tangu yaote, yamefika magotini. Tangu Jumapili naona majani ya katikati yametoboka na kuna uchafu kama unga wa mbao. Nimekagua miche 20 mfululizo kwenye mstari, 7 imeguswa. Nilipandia DAP, ya kukuzia bado. Sijapulizia chochote. Juzi mvua imenyesha. Natuma picha mbili, ya mdudu na ya mmea. Je, nipulizie sasa, na kama ndiyo, nipulizie asubuhi au jioni?"

Hapo hakuna neno gumu hata moja, lakini kila sentensi inafanya kazi. Kilosa inaeleza mvua na msimu. Wiki tano inaeleza kama mmea bado unaweza kupona. Saba kati ya ishirini inatenganisha balaa na usumbufu, maana neno "sana" kwa mmoja ni miche mitatu na kwa mwingine ni shamba zima. "Sijapulizia chochote" inamzuia mshauri asimwongezee mtu sumu juu ya sumu. Mwisho kuna swali lenyewe, lina alama ya kuuliza, na linajibika: kwa mfano, mshauri atamwambia kwamba kiwavi huyu hujificha ndani ya mmea wakati wa jua kali, hivyo apulizie asubuhi mapema au jioni, na aelekeze bomba pale katikati.

Kama umeshapulizia, taja ulichopulizia kama kilivyoandikwa kwenye lebo. "Ile ya chupa ya kijani" si jina, na vipimo vya kifuniko havina maana mpaka tujue kifuniko cha chupa ipi kwenye bomba la lita ngapi. Njia rahisi kuliko zote ni kupiga picha ya lebo.

Kuku nao wasiachwe. "Kuku wangu wanakufa, nitumie dawa gani?" Linaandikwa kila kiangazi, na mara nyingi huo ni mdondo, au kideri kama wengine wanavyouita. Kuku anahema kwa shida, anaharisha kijani, wengine shingo inapinda. Mdondo ni wa virusi, hauna tiba. Kinga yake ni chanjo, na ipo ya tone la jicho inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Aliyeulizwa dawa akajibu dawa amemuuzia mtu vidonge vya kuzikia. Lakini muulizaji angeandika wamekufa wangapi kati ya wangapi, kwa siku ngapi, kinyesi kina rangi gani, na walichanjwa lini, yeyote aliyesomea mifugo angeelekeza macho panapostahili ndani ya dakika moja, na majirani wangewahi kuwachanja ambao bado ni wazima.

Simon Tatham, Mwingereza aliyeandika programu ya PuTTY, alichapisha mwaka 1999 makala ya kuwafundisha watu namna ya kuripoti hitilafu za programu. Ningependa kila kundi liisome, hata la wafugaji. Anachosisitiza ni kutenganisha ulichokiona na unachokidhani. Kama una dhana, iandike, hakuna ubaya, lakini iandike kando, baada ya kueleza ulichofanya na kilichotokea. Kompyuta ikitoa maneno kwenye skrini, yanakili kama yalivyo, hata kama huyaelewi. Pengine hayo usiyoyaelewa ndiyo jibu lenyewe. "Imegoma" na "haifanyi kazi" ni malalamiko, si maelezo. Imegoma kuwaka? Imewaka ikazima? Inawaka lakini haifungui faili? Fundi aliyeko Arusha akijua ni ipi, anaweza kumwongoza mtu wa Tunduru mpaka mwisho bila kuishika mashine.

Sasa nigeukie jambo ambalo si la kilimo wala la simu, lakini halikwepeki. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya shirika la Avianca, Boeing 707, ilikuwa ikitoka Bogotá kupitia Medellín kwenda New York. Hali ya hewa ilikuwa mbaya na ndege zilikuwa nyingi. Waongozaji wa ndege waliiweka kwenye mzunguko wa kusubiri mara tatu, jumla ya dakika 77. Mafuta yakawa yanakwisha. Rubani msaidizi, aliyekuwa akizungumza na waongozaji kwa redio, aliomba wapewe kipaumbele, na baada ya jaribio la kutua kushindikana alitaja kwamba mafuta yanaisha, kwa lugha ya upole, akichanganya na kuitikia maelekezo ya kawaida. Neno moja hakulisema: dharura. Katika kazi ya anga neno hilo lina sheria zake. Likitamkwa, wengine wote wanapisha. "Kipaumbele" halikuwa na uzito huo, na kwa usiku ule kila ndege ilikuwa na shida yake. Injini zilizima, ndege ikaanguka kwenye kilima huko Cove Neck, Long Island. Haikuwaka moto, kwa kuwa hapakuwa na mafuta ya kuungua. Kati ya watu 158 waliokuwemo, 73 walifariki.

Wachunguzi walitaja mambo kadhaa, na usimamizi wa mafuta ulikuwa mmojawapo. Lakini walitaja pia kwamba wafanyakazi wa ndege hawakuwaeleza waongozaji kwa uwazi hali yao ya hatari. Mimi nikiyasoma maelezo ya usiku ule nawaona watu wetu. Namwona muuguzi kijana wa zahanati anayemwandikia daktari wa wilaya: "Samahani dokta, kama una nafasi, kuna mama hapa hali yake si nzuri sana." Si nzuri sana! Mama anatoka damu, na sentensi imevaa kanzu. Anaogopa kumsumbua mkubwa, anaogopa kuonekana hajui kazi, basi analainisha mpaka hatari haionekani tena.

Hospitali nyingi duniani zimeupokea mpangilio uliotokana na jeshi la majini la Marekani, unaoitwa SBAR, kwa ajili hiyohiyo: sema hali ilivyo sasa, sema historia fupi, sema unavyodhani, kisha sema unaomba nini. Cha nne ndicho tunachokisahau. Tunaeleza masaibu yetu kwa urefu halafu tunamwachia msomaji akisie kama tunataka ushauri, gari, fedha au pole. Unaweza kuwa mpole na bado ukaandika: "Dokta, shikamoo. Ni dharura. Mama amejifungua saa 1:20 usiku, damu haikati, naomba gari la wagonjwa sasa hivi." Hakuna daktari atakayeona amevunjiwa heshima.

Kwenye fedha mambo yanageuka kidogo, kwa sababu huko kuna ya kusema na kuna ya kuficha. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, Tanzania ikafuata 2008, na tangu hapo kutuma fedha kwa namba isiyo yenyewe imekuwa ajali ya kawaida. Ukiwasiliana na huduma kwa wateja, anza na namba ya kumbukumbu ya muamala iliyo kwenye ujumbe, kiasi, tarehe, namba uliyokusudia na namba iliyopokea. Muda uandike kama simu ilivyouandika. Sisi tunasema saa 3 usiku, mfumo wa simu unaonyesha 21:12 au 9:12 PM, na nimeona watu wazima wawili wakibishana kwa dakika nzima kuhusu muamala mmoja, kila mmoja akiwa sahihi kwa saa yake.

Namba ya siri usiitaje kwa yeyote, hata kwa anayejitambulisha kuwa ni mhudumu, hata akijua jina lako la tatu. Shida hii usiimwage kwenye kundi la watu mia mbili ukiwa umeambatanisha skrinshoti yenye jina, namba na salio lako. Matapeli nao wako kwenye makundi, wanasoma. Ndani ya dakika chache "mhudumu" atakufuata pembeni na maneno matamu. Walewale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" wamejifunza kwamba mtu aliyeomba msaada hadharani ni mtu aliyeshalainika. Tanzania, namba ya tapeli hutumwa kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kupitia 15040. Itumieni.

Nimeulizwa na wanachuo kuhusu programu za akili bandia zinazojibu maswali kwa Kiswahili. Nitasema kwa kifupi. Binadamu akipewa swali pungufu, akiwa na uvumilivu, atakurudishia swali. Mashine mara nyingi hairudishi. Inajaza mapengo yenyewe na kujibu kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Ukiiuliza dawa ya mahindi ya njano, inaweza kukupa dawa ya mahindi ya njano. Kwa hiyo huko ndiko unakotakiwa kueleza zaidi, na jibu lake lipelekwe kwa afisa ugani kabla ya kupelekwa dukani.

Ujumbe wa sauti nao una watetezi wengi, na mimi ni mmoja wao. Bibi anayesoma kwa shida ana haki ya kuuliza sawa na mhitimu wa chuo. Ila ujumbe wa dakika nne unaoanza na habari za msiba wa Iringa, ukapita kwenye bei ya mbolea, ukafika kwenye ng'ombe dakika ya tatu na nusu, hautasikilizwa na mtu aliye kazini. Taja mahali, mnyama na unachokiona katika sekunde ishirini za mwanzo. Ya msiba yafuate, na tutakupa pole.

Nimewaelemea waulizaji vya kutosha, sasa wajibuji. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini katika makundi mengi kuuliza kunaadhibiwa kuliko ujinga. Mtu anaandika swali lake lenye makosa ya tahajia, watu watatu wanacheka, mmoja anamwambia asome juu kwa kuwa lilishaulizwa mwezi uliopita. Huyo ndiye atakayeficha, na mficha uchi hazai. Akirudi msimu ujao atakuja na swali pungufu zaidi, kama atakuja. Anayejua kwamba aliyeuliza ni mgeni amuulize mambo matatu kwa ujumbe mmoja, uko wapi, umeona nini, umeshafanya nini, badala ya kumuuliza moja kila baada ya saa. Naye aliyesaidiwa arudi. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote: mtu anapewa ushauri, shamba linapona au halikupona, na kundi halisikii tena. Sentensi moja ya "nilipulizia jioni ya Jumanne, baada ya siku tatu viwavi wapya sijaona" ni mali ya wote walio kwenye kundi, na anayejitolea kujibu hapati mshahara mwingine zaidi ya huo.

Naomba wenye makundi, ma-admin mlioko humu, leo muandike kwenye maelezo ya kundi lenu: salamu na swali kwa ujumbe mmoja, taja wilaya, zao au mnyama, umri, ulichokiona, ulichokwisha kufanya, weka picha ya karibu, sema unaomba nini. Msiwafukuze watakaokosea. Warudishieni tu maandishi hayo pamoja na marahaba yao.

Mwenyekiti, nimemaliza. Ninakaribisha maswali, na atakayesimama tafadhali aanze kwa kututajia anatoka wapi na analima nini.